Sinywi pombe, na pabu ya mtaa wetu inafungwa: majirani wanalilia nini?

Swali: "Assalaam alaikum. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa pili hapa Sheffield. Ni Mwislamu, pombe sijawahi kuionja na sina mpango huo. Zamu ya Ijumaa ikiisha wenzangu walikuwa wananiambia twende pabu, nami natoa udhuru. Sasa wameacha kuniuliza, na imeniuma kuliko nilivyotegemea. Siku moja nilijikaza nikaingia peke yangu ile ya mtaani kwetu, nikachagua meza ya kona, nikakaa. Dakika 20 zilipita, hakuna mhudumu aliyenisogelea. Nikaondoka nikijua ni rangi yangu. Lakini jirani yangu, mzee mjane, huenda pale kila siku saa kumi na moja jioni na mbwa wake, na saa moja na nusu amesharudi, hajalewa hata kidogo. Wiki iliyopita aliniletea karatasi ya kutia saini: pabu inafungwa, wanataka kuiokoa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kwa ajili ya baa? Naomba unieleweshe wanapenda nini pale, kama kuna namna mtu kama mimi anaweza kuingia, na ile karatasi niitie saini au niiache."

Wa alaikum salaam, dada yangu. Nianze na zile dakika 20, maana naona ndizo zilizokukaa moyoni. Nimefanya kazi kwa miaka mingi nyuma ya kaunta za pabu kaskazini mwa Uingereza, na siku hizi nafundisha wahudumu wapya na watu wanaotafuta leseni. Hakuna aliyekufuata mezani kwa sababu katika pabu ya kawaida hakuna anayefuatwa. Mteja ndiye anayeiendea kaunta: anaagiza mwenyewe, analipa palepale, anabeba glasi yake mpaka mezani. Chakula huletwa, kinywaji hakiletwi. Baa za kwetu, hata kama hukuwahi kukaa ndani yake, unajua zinavyokwenda: mhudumu anakuja, anafungua chupa mbele yako, chupa tupu zinabaki mezani zihesabiwe, bili inakuja mwisho. Huku mtu aliyekaa kimya bila glasi anaonekana kama anayemsubiri mwenzake. Yaelekea sana kijana wa kaunta alikutazama, akajisemea "anamsubiri mtu", akaendelea kufuta glasi. Nimewaona Wamarekani na Waitaliano wakikaa hivyohivyo mpaka wakakata tamaa.

Sisemi kwamba ubaguzi haupo. Nitaufikia. Ila ulilonieleza halitoshi kuwa ushahidi wake, na sipendi uendelee kuubeba mzigo ambao huenda si wako.

Sasa swali kubwa, la wanapenda nini. Umeshaanza kulijibu mwenyewe kwa kumtazama yule mzee. Saa kumi na moja mpaka saa moja na nusu, painti moja (glasi ya bia ya zaidi kidogo ya nusu lita), labda mbili, mbwa, nyumbani. Anayetafuta ulevi haendi hivyo. Duka kubwa la jirani linauza bia kwa bei ndogo sana kuliko pabu, na angeweza kuinywa kwenye kochi lake akiwa na soksi. Kuna kitu kingine anachokilipia.

Fikiria Tanga. Mtu akizidiwa na upweke saa kumi na moja jioni hufanya nini? Anavaa kandambili, anakwenda kwa jirani, anapiga hodi. Hakuna anayemuuliza amekuja kufanya nini. Mwingereza hana hodi ya namna hiyo. Kumtembelea mtu bila kupanga ni kumvamia, na hata marafiki wa miaka mingi hupangiana siku kabla ya kufika nyumbani kwa mwenzao. Unaweza kukaa jirani na mtu miaka kumi usiione sebule yake, na wala hakuchukii. Yule mzee hawezi kugonga mlango wako kila jioni. Angejiona kero, na wewe ungelazimika kuacha mambo yako umchemshie chai. Pabu inamwondolea yote hayo. Anaingia bila mwaliko, haonekani mgeni wala hana mwenyeji wa kumshughulisha, na akitaka kuondoka anaondoka. Bei ya painti ni kodi ya kile kiti.

Mwanasosholojia wa Marekani, Ray Oldenburg, aliziita sehemu kama hizi mahali pa tatu, baada ya nyumbani na kazini. Profesa Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha mwaka 2016 utafiti uliofanywa kwa ajili ya CAMRA, chama cha wapenzi wa bia ya asili, na akaona kwamba watu wenye pabu yao ya mtaani walikuwa na marafiki wa karibu wengi zaidi na waliridhika zaidi na maisha. Utafiti ule uliagizwa na watu wenye maslahi, kwa hiyo uuchukue kwa tahadhari. Wala hausemi kipi kilianza: huenda wenye marafiki ndio wanaokwenda pabu. Lakini kwa niliyoyaona kaunta, sikushangaa.

Jambo ambalo mgeni halioni kwa macho ni kwamba chumba kile kina ramani. Waingereza hawasemeshani na wasiowajua. Kwenye basi na kwenye lifti kila mmoja anatazama viatu vyake. Kaunta ya pabu ni mojawapo ya sehemu chache ambapo kanuni hiyo inalegea. Aliyekaa kwenye stuli ya kaunta ametangaza kimyakimya kwamba anaweza kusemeshwa, na asipende mtu kuanza naye mazungumzo basi amekosea kiti. Aliyechukua meza iliyo karibu na kaunta anaweza kutupiwa neno, akijibu sawa, asipojibu sawa. Aliyekwenda kujibanza kona ya mbali ameomba aachwe, na ataachwa kwa heshima zote. Wewe, bila kujua, ulikaa kona.

Foleni nayo ipo, ila huwezi kuiona. Watu wanajipanga ubavu kwa ubavu kando ya kaunta na kila mmoja anajua nani kafika kabla yake, na mhudumu mzuri anaijua zamu ya kila uso. Kazi yako ni kusimama kwenye kaunta, uso juu, kadi mkononi, na kumtazama. Usipunge noti, usipige vidole, usiite. Akikujia kabla ya zamu yako, elekeza kwa jirani useme yeye alitangulia. Hapo umeshapata marafiki wawili, jirani na mhudumu. Bakshishi hawaachi. Mwenye kuridhika humwambia mhudumu ajiwekee na chake, naye ataongeza kwenye bili thamani ya kinywaji kimoja.

Mazungumzo huanza na hali ya hewa au na mbwa. Mbwa ni daraja kubwa pale, ingawa najua kwetu Waislamu si wote wanaopenda kumgusa. Inatosha kuuliza jina lake. La mbwa, namaanisha. Majina ya watu huja baadaye sana, na kazi, ndoa na watoto huja baadaye zaidi. Sisi hujitambulisha kwanza ndipo tukaongea, wao huongea wee mpaka siku moja mtu anauliza, hivi unaitwa nani? Nimewajua wateja waliokaa stuli mbili za jirani kwa miaka bila kujuana majina ya ukoo, na mmoja alipolazwa mwenzake ndiye aliyekwenda kumlisha paka. Usishtuke pia wakianza kukutania. Anayetaniwa amepokelewa; wasiyemkubali humfanyia adabu baridi. Na kwa kuwa uko Sheffield, utaitwa "love" na mwanamume mzima aliyevaa buti za ujenzi. Hana maana nyingine.

Niruhusu nikushushe ghala la chini kidogo, hata kama bia yenyewe haikuhusu, kwa sababu huko ndiko utakakoelewa kwa nini pabu ya aina hii haiwezi kuishi bila mtaa. Bia yao ya asili inafika ikiwa hai. Hamira bado imo ndani ya pipa na inaendelea kuchachua, na anayeikamilisha ni mwenye pabu. Pipa linalazwa, linatulizwa hadi machicha yashuke, linawekwa katika nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, kisha bia inavutwa juu kwa nguvu ya mkono kwa ile mipini mirefu uliyoiona kaunta. Wageni huilalamikia kuwa ya moto. Si ya moto, ina ubaridi wa ghala. Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72. Likishaanza kuuzwa, hewa inaingia, na baada ya siku tatu hivi ladha inageuka, haiuziki tena. Sasa piga hesabu. Mwenye pabu mwenye mapipa manne kaunta anahitaji watu wa kuyamaliza kabla hayajaharibika, Jumanne yenye mvua kama Jumamosi. Watalii hawafanyi kazi hiyo. Inafanywa na wazee wa saa kumi na moja, na ndiyo maana mwenye pabu anajua kila mmoja anakunywa nini na anaingia saa ngapi, na asipoingia siku mbili anatuma mtu akagonge mlango. Tabia ya bia yenyewe imewafunga pamoja.

Raundi ndiyo inayowaweka wenzako wa zamu na wewe njia panda. Wakiwa wanne, hakuna anayejinunulia. Mmoja ananunua vinne, vikiisha wa pili ananunua vinne, hivyohivyo mpaka mzunguko umalizike. Hakuna anayeandika, lakini kila mtu anajua. Anayeondoka kabla zamu yake haijafika bila kusema neno hukumbukwa. Kilichomo ndani yake ni deni dogo la makusudi: nikikununulia leo, una sababu ya kukaa nami hadi unirudishie, na tusipomaliza leo tuna sababu ya kuonana Ijumaa ijayo. Ni fundo la urafiki, na pia ni mtego. Watafiti wa Mass-Observation, kikundi kilichochunguza maisha ya kila siku ya Waingereza, waliokuwa wakikaa kwenye pabu za Bolton mwishoni mwa miaka ya 1930 waliona kwamba watu wa kundi moja hunywa kwa mwendo mmoja, glasi zao zikishuka karibu sawasawa. Anayekunywa taratibu anaburuzwa na mwenye kiu. Serikali ya Uingereza ililijua hilo. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ilianza kupiga marufuku kununuliana vinywaji katika maeneo ya viwanda vya silaha, ili wafanyakazi wasifike kazini wamelewa. Raundi ndiyo sehemu ya pabu ambayo mimi siitetei sana.

Kwa Mwislamu kuna tatizo la pili: raundi yako itakudai ununue pombe ya wenzako, hata kama glasi yako ina soda. Njia iliyonyooka ni kujitoa mapema, kabla ya kinywaji cha kwanza. Unasema, "Mimi nitajinunulia mwenyewe, asanteni," kwa tabasamu, mara moja, bila hotuba. Wataelewa, siku hizi hata walevi wenyewe hujitoa kwa ajili ya bajeti. Ukitaka kushiriki kwa namna yako, nunua pakiti za krispi, uzipasue katikati ya meza kama wanavyofanya wao, kila mtu achukue. Epuka tu vile vipande vikavu vya rangi ya kahawia vinavyoitwa pork scratchings, maana ni ngozi ya nguruwe.

Kingine, wenzako kuacha kukualika. Sisi mtu akikataa tunamkaribisha tena, na tena, mpaka akubali au aape. Mwingereza akikataliwa mara mbili tatu anaona kuendelea kuuliza ni kukusumbua, na akijua wewe ni Mwislamu anaogopa zaidi kukukosea. Kunyamaza kwao naona ni adabu kuliko kutengwa, na maana yake ni kwamba mlango inabidi uufungue wewe. Waambie siku ya Alhamisi: "Kesho mkienda nitakuja nikae nanyi saa moja, mimi nakunywa soda." Utashangaa nafuu itakayowaingia usoni.

Je, uende? Hapo kuna swali la dini, na mimi si shekhe. Wapo wanazuoni wanaokataza kabisa kukaa kwenye meza inayonywewa pombe, na wapo Waislamu wengi wazuri hapa Uingereza wanaoingia, wakanywa kahawa, wakaondoka. Muulize mwanazuoni unayemwamini, ana kwa ana, msikitini kwako. Mweleze mazingira yako yote, kazi na upweke pia. Jibu lake likiwa hapana, usilione kama mlango wa Uingereza umefungwa. Waalike wenzako wewe. Chai ya asubuhi baada ya zamu ya usiku, au pilau nyumbani kwako, kwa kuwapangia tarehe mapema. Mwingereza aliyealikwa nyumbani kwa mtu halisahau jambo hilo.

Jibu likiwa ndiyo, usianze na Ijumaa usiku. Ijumaa usiku ni kelele, na watu wameshatangulia glasi tatu. Anza na yule mzee. Mwambie siku moja utamsindikiza ukae nusu saa. Atakutambulisha kwa kila mtu bila wewe kufungua mdomo, na ukiingia naye mara mbili, mara ya tatu utaingia peke yako na mhudumu atauliza, "kama kawaida?" Agiza soda ya ndimu, juisi, chai au kahawa. Pabu nyingi sasa zina kahawa nzuri, na hakuna atakayekucheka. Kwenye bia zisizo na kileo uwe makini. Chupa ikiandikwa "low alcohol" inaweza kuwa na kileo hadi asilimia 1.2, na hata nyingine zinazoitwa hazina kileo huwa na chembe. Usiku wa maswali ya chemsha bongo pia ni mlango mzuri, kwa kuwa kila timu inamtafuta mtu anayejua yasiyojulikana na wengine. Siku wakiulizwa mji mkuu wa Burundi watakuimba.

Jumapili mchana ni ya chakula: nyama ya kuoka, viazi, mboga na mchuzi mzito. Uliza jikoni kabla, si baada. Nyama kwa kawaida si halali, chipsi mara nyingine hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na pai nyingi za nyama hupikwa kwa bia. Samaki au sahani ya mboga ni salama zaidi, bado kwa kuuliza. Watoto pabu nyingi huwaruhusu wakiwa na mzazi, hasa mchana, lakini kila nyumba ina masharti yake. Na kama sura yako ni ya ujana beba kitambulisho, kwa maana hukagua yeyote anayeonekana chini ya miaka 25 akiagiza kileo, na wakati mwingine hukagua meza nzima.

Nimesema nitaufikia ubaguzi. Historia ni chungu na tamu kwa pamoja. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kijiji cha Bamber Bridge, Lancashire, jeshi la Marekani lilitaka pabu ziwatenge askari wake weusi. Inasimuliwa kwamba wenye pabu walijibu kwa kubandika mabango ya kuruhusu askari weusi tu. Juni mwaka huo askari weusi na polisi wa kijeshi wa Marekani walirushiana risasi pale, na askari mweusi mmoja akauawa. Lakini miaka michache baadaye, wahamiaji kutoka Karibiani na Punjab walipoanza kukaa Uingereza, pabu nyingi za nchi hiyohiyo ziliwakatalia huduma au kuwatengea chumba. Sheria ya kwanza ya kukataza hilo ilipitishwa mwaka 1965. Huko Smethwick na West Bromwich, Wapunjabi waliokuwa wakifukuzwa milangoni waliishia kuzinunua pabu zenyewe, na leo watu wa kila rangi wanasafiri kwenda kula nyama zao za kuchoma pale.

Kwa hiyo ukisimama kaunta, ukaagiza, na waliokuja nyuma yako wakahudumiwa mmoja baada ya mwingine, hilo si suala la ramani tena. Omba kuzungumza na msimamizi. Usiporidhika andika saa, siku na yaliyosemwa, kisha pigia Equality Advisory and Support Service, huduma inayowashauri waliobaguliwa, ushauri ni bure, na kitengo cha leseni cha halmashauri yako kinapokea malalamiko. Mtu akikutukana au kukutishia, ondoka kwanza, polisi baadaye. Kazini nako: ukiona vyeo na ratiba nzuri zinagawanywa Ijumaa pabu kwa waliopo, huo si urafiki tu, zungumza na mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi au pigia ACAS, shirika la ushauri wa mambo ya kazi. Na ikiwa huo upweke unakula usingizi wako au hamu ya chakula, nenda kwa daktari wako wa familia. Wewe ni muuguzi, unajua vituo vingi vina mtu wa kuunganisha wagonjwa na vikundi vya mtaani. Wauguzi huwapeleka wengine na kujisahau.

Nisiifanye pabu kuwa malaika. Nimewahudumia watu ambao kila jioni walikuwa wanazama polepole mbele ya macho yetu sote, na urafiki wa kaunta ndio uliowafanya wasione. Kumuuzia mtu aliyelewa ni kosa kisheria, lakini mlevi mwenye adabu haonekani amelewa. Madaktari wa hapa wanashauri mtu asizidishe yuniti 14 za kileo kwa wiki, na painti moja ya bia ya kawaida ni yuniti mbili au zaidi. Jirani yako akianza kurudi saa tano badala ya saa moja na nusu, una haki ya kumuuliza.

Sasa karatasi. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na pabu takriban 60,000, sasa zimebaki kama 45,000. Lawama hugawanywa kwa kodi ya bia, bei za maduka makubwa, bili za umeme na marufuku ya sigara ya mwaka 2007. Zote zina ukweli, ila kuna moja watu hawaijui. Pabu nyingi mwendeshaji wake ni mpangaji wa kampuni, na mkataba unamlazimisha kununua bia kwa kampuni hiyohiyo kwa bei iliyo juu ya soko. Pabu inaweza kujaa na mwendeshaji akafilisika. Halafu jengo lenyewe, likiwa nyumba za kupangisha, mara nyingi lina thamani kubwa kuliko likiwa pabu.

Saini kwenye karatasi ya kawaida haidhuru, ila haina nguvu kubwa. Muulize mzee kama ni ombi la kuitambua pabu kuwa mali yenye thamani kwa jamii, chini ya Sheria ya Localism ya mwaka 2011. Hiyo ina meno. Kikundi cha wakazi wasiopungua 21 walioandikishwa kupiga kura kinaweza kuwasilisha ombi kwa halmashauri. Likikubaliwa na mwenye mali akataka kuuza, wananchi wana wiki 6 za kusema wanataka kujaribu kununua, na wakisema hivyo mauzo yanasubiri hadi miezi 6 ihesabiwe tangu taarifa ya kuuza. Halazimishwi kuwauzia wao. Wewe ukiwa Mtanzania mwenye kibali cha kuishi, nchi yetu ikiwa ya Jumuiya ya Madola, unaweza kujiandikisha kupiga kura hapa, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kwa hiyo unaweza kuwa mmoja wa hao 21.

Imewahi kufanikiwa. Hudswell, kijiji cha hukohuko Yorkshire, wanakijiji waliinunua pabu yao ya George and Dragon mwaka 2010, wakaweka ndani yake duka dogo na maktaba. Ivy House, kusini mwa London, ilinunuliwa na majirani mwaka 2013. Nyingine zimeshindwa baada ya miaka michache, kwa hiyo wakikuomba ununue hisa, usiweke fedha ambayo mama Tanga anaisubiri. Shirika la Plunkett UK hushauri vikundi kama hivi, na mwanasheria asome hati kabla hujatoa hata pauni.

Kama dhamira yako inakukataza kutetea nyumba inayouza pombe, mwambie mzee wazi, kwa upole. Hatakuchukia kwa hilo. Ikiwa haikukatazi, unaweza kutia saini na kudai chako: nenda kikaoni, useme mtaa una watu wasiokunywa, kwamba mngependa mlango ufunguliwe asubuhi kwa chai, na jiko liwe na sahani ambayo Mwislamu anaweza kula. Wanaotaka kuinusuru wanahitaji kila mteja wa saa nne asubuhi wanayeweza kumpata, na watakuandika kwenye muhtasari kabla hujakaa.